Siku Tulipomfukua Taa ya Ngazini

Kila mkija kunitembelea hapa South Beach, vijana wangu, swali lenu ni lile lile: bibi, katika miaka yote ya kujalidi vitabu, ni kazi gani ilikushinda? Mnategemea nitaje majalada ya ngozi, au ile misahafu yenye kurasa nyembamba kama ganda la kitunguu. Hakuna kazi iliyonishinda, na nasema hivyo kwa kiburi changu chote. Lakini iko moja iliyonipeleka makaburini mchana kweupe, pamoja na mchungaji wa Kikongo na mzee wa Kiyahudi, kumfukua marehemu ambaye tulikuwa hatujakubaliana kama amekufa. Hiyo ndiyo nitakayowasimulia, na njiani nitawafundisha kupika gundi, maana gundi mnayotumia siku hizi ni aibu.

Aliyenifundisha kazi ni Mister Kassim, Mhindi wa hapa hapa Durban, mwenye karakana mjini karibu na soko. Nilifika kutoka Tanga na mume wangu. Yeye akapata kibarua bandarini, tukapanga chumba kule Bluff, na mimi nikaingia karakana kufagia. Mister Kassim hakuwa mtu wa maneno. Ukikosea, anafumua kazi yako yote mbele ya macho yako, anakurudishia karatasi na uzi, anakwenda kunywa chai. Nililia sana kwenye ile karakana, na leo namwombea kila Ijumaa.

Gundi ya kitabu cha zamani hupikwa kwa unga wa ngano, vijana. Koroga bila kuacha, moto mdogo, mpaka iwe kama uji wa mgonjwa, kisha uichuje, utie karafuu kidogo iliyosagwa ili wadudu wasiionee tamaa. Ikiwa na madonge, mpe kuku. Zile chupa zenu za plastiki bakini nazo kwa viatu.

Jambo la pili alilonifundisha Mister Kassim ni kwamba kitabu hakifii kwenye jalada, wala hakifii kwenye karatasi. Kinafia kwenye mshono. Shika uzi pale mgongoni, uvute polepole. Ukikuvuta nawe, kitabu ki hai, hata kama wadudu wamekifanya chujio. Ukija mikononi bila ubishi, mpe mwenyewe pole.

Karakana yetu ilikuwa na sanduku chini ya dirisha. Karatasi yenye jina la Mungu haitupwi jalalani, mnajua wenyewe, kwa hiyo watu walituletea misahafu iliyochakaa, nasi tukaiweka humo. Sanduku likijaa tunaifunga kwa kitambaa cheupe, na Haji Saidi anakuja na pikapu yake kuichukua. Haji alikuwa msimamizi wa makaburi, mtu wa ukoo wa wale Wazanzibari walioletwa Durban zamani wakakaa Bluff, na alikuwa na kona maalumu ya kuizikia. Sisi tuliliita sanduku la marehemu, na hakuna aliyeona ajabu.

Mister Kassim alipofariki, watoto wake waliniachia funguo, nami nikamwajiri Papa Dido kunisaidia. Papa Dido alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, mchungaji wa kanisa lenye watu wachache na kelele nyingi. Gundi yake haikuwa na donge hata moja, kwa sababu mkono wake ulikuwa umelelewa kwenye kusonga bukari, ndio ugali wa kwao. Kila siku kabla ya kazi alisoma Zaburi kwa sauti, mpaka mwenye duka la jirani akawa anaitikia amina kupitia ukutani. Nilimpenda Papa Dido. Nayasema haya mapema ili mtakaposikia alichofanya msimhukumu haraka.

Basi akaja Mister Zalman. Alikuwa mzee wa mtaa wa Morningside, kofia nyeusi kichwani katika joto lile, amebeba kitu ndani ya taulo la kuogea, amekikumbatia kifuani.

“Nimemleta babu,” akasema.

Nikachungulia nyuma yake nimwone huyo babu. Mlangoni hapakuwa na mtu. Akalaza taulo mezani, akalifunua, na ndani mlikuwa na kitabu kikubwa cha Kiebrania kilichochoka kuliko kitabu chochote nilichowahi kukishika.

Ilibidi nieleweshwe. Mister Zalman alitoka katika Wayahudi wale wanaoitwa Wahasidi, watu wa kumsifu Mungu kwa nyimbo na kucheza, na wenye mapenzi makubwa kwa marabi wao. Kitabu kilikuwa Zaburi, na kila ukurasa ulikuwa umezungukwa na herufi ndogo ndogo za ufafanuzi. Aliyeandika ufafanuzi ni rabi wa mji mdogo wa baridi huko Ulaya ya mashariki, na Mister Zalman alikuwa kitukuu wa kitukuu wake. Kwao rabi akiandika kitabu kikapendwa, jina lake linasahaulika na yeye mwenyewe anaitwa kwa jina la kitabu. Kwa lugha yetu kitabu hiki kingeitwa Taa ya Ngazini. Rabi naye akawa Taa ya Ngazini, mpaka leo.

“Taa ya Ngazini alikuwa hapendi samaki,” Mister Zalman ananieleza, mimi nahesabu matundu ya wadudu. “Taa ya Ngazini aliwahi kutumbukia kisimani akiwaza. Taa ya Ngazini alikuwa mkwe mgumu sana.”

Nikawa nasema ndiyo, ndiyo.

“Asilazwe kifudifudi,” akaendelea. “Asiachwe wazi mkienda kula. Akianguka, mumbusu.”

Nikamwambia hayo yote ni ya kwetu pia, isipokuwa la samaki. Akafurahi, akavuta kiti, na hapo ndipo akaniambia kilichomleta. Alikuwa anahamia ng'ambo kwa binti yake. Nyumba ameuza, vyombo amegawa. Wazee wa sinagogi lake walikiangalia kitabu wakatikisa vichwa: kimekwisha, kizikwe, maana nao huzika vitabu vyao vitakatifu vilivyochakaa. Yeye aliwaomba wamwache ajaribu kwa fundi mara ya mwisho.

“Mama Tatu,” akasema, maana ndivyo nilivyoitwa na wote, “katika vyote vilivyotoka kule kwetu, amebaki huyu. Akizikwa, nitashuka kwa binti yangu mikono mitupu, na kwetu kutakuwa kumeishia hapa Durban.”

Nilishika uzi mgongoni, nikavuta. Ukanivuta, kidogo tu, kama mtoto mwenye usingizi. Nikamwambia nampokea mgonjwa lakini siahidi. Nikamlaza kwenye meza yake peke yake, nikamfunika.

Kuanzia hapo Mister Zalman akawa anakuja kila asubuhi kumjulia hali. Anafunua kitambaa, anamwamkia, anatuuliza amelalaje. Mimi mwenyewe nikazoea kujibu kwamba amelala vizuri ila unyevu unamsumbua. Papa Dido alikuwa zamu ya mchana siku hizo, kwa hiyo hakuwahi kukutana naye, na mimi sikuona haja ya kumtambulisha kitabu kwa mchungaji.

Ikawa nimekwenda kununua ngozi. Narudi, meza tupu.

“Papa Dido, kile kitabu cha hapa kiko wapi?”

“Kitabu gani, Mama?”

“Kile cha zamani. Kilichofunikwa.”

“Ah, ile mugonjwa!” Uso ukamng'aa. “Haji alikuya na pikapu, nikatuma ile pamoja na zingine. Iko mu udongo sasa, inapumuzika.”

Nikashika meza.

“Mama, mi niliona inafunguka kwa kuume, sawa ya kwenu. Iko na matundu, iko inatoka vumbi. Nikasema, mais non, hapana, huyu mzee ameteseka ya kutosha. Nikamufunga na kitambaa ya muzuri kabisa, ile mupya. Nikamuimbia na wimbo moja.”

“Papa Dido, ile ni Zaburi. Ni ya Kiyahudi. Na haikuwa ya kuzikwa.”

Mtu aliyekuwa amesoma Zaburi siku ile ile, akafunga Biblia yake, kisha akaitoa Zaburi ikazikwe, alikaa sakafuni taratibu, mwiko wa gundi mkononi. “Eish, Mama,” akasema. “Nimezika Daudi.”

Kumwambia Mister Zalman ilikuwa kazi yangu. Alikuja asubuhi iliyofuata na taulo lake, akaona meza, akaniangalia. Nikamweleza yote. Akalikunja taulo lake.

“Amezikwa wapi?”

“Makaburi ya Waislamu.”

“Walimwelekeza wapi?”

“Maka, Mister Zalman.”

Akafikiri, akanyoosha mkono hewani kutafuta upande. “Kutoka hapa Durban, Yerusalemu iko karibu na huko huko,” akasema. “Basi hajalala vibaya.” Halafu akajifuta macho kwa taulo, nami nikamwita Papa Dido, aliyekuja mapema siku hiyo, tukafunga karakana, tukapanda taksi kwenda kwa Haji Saidi.

Haji alitusikiliza amesimama katikati ya lango la makaburi. Kiswahili chake kilikuwa cha kurithi, na Kizulu kilipita ndani yake kinapotaka.

“Hhayi, Mama Tatu,” akasema. “Hapa watu wanaingia. Sijaona anayetoka.”

“Amezikwa kwa makosa!” Mister Zalman akalia.

“Kila mfiwa anasema hivyo, mzee wangu.”

Nikamweleza Haji kwamba marehemu si wa dini yetu. Hilo likamgusa. Akasema kama ni hivyo anamtoa leo leo, anamkabidhi kwa Wayahudi wenzake wamzike kwao kwa heshima zote.

“Sitaki azikwe popote!” akasema Mister Zalman.

Haji akamshika bega. “Najua, mzee,” akasema kwa upole. “Hakuna anayetaka.”

Papa Dido akaingia kati. “Mais huyu hakukufa! Mi niliona mubaya. Tulizika mutu muzima!”

Haji akageuka. Kuzikwa hai, akasema, hiyo ni dharura, na kwa dharura kaburi linafukuliwa. Lakini nani anathibitisha? Wote watatu wakanitazama mimi.

“Nitathibitishaje bila kumwona?” nikasema. “Mtoe nimpime.”

“Nikimtoa nikakuta amekufa, nimefukua kaburi bure. Thibitisha kwanza, nimtoe.”

“Mtoe kwanza, nithibitishe.”

Tulikwenda hivyo na kurudi mpaka jua likatuchoma sote. Mwisho nikamwambia Haji kwamba mimi ndiye fundi niliyemshika mara ya mwisho, niliuvuta uzi, na uzi ulinivuta, na kwa kazi yetu hiyo ndiyo roho. Sikusema kwamba ulinivuta kidogo. Sikusema kwamba usiku wa jana mvua ilinyesha mji mzima. Mister Zalman alikuwa ameshika taulo tupu kwa mikono miwili, na niliogopa kwamba nampeleka mzee wa watu kwenda kuona karatasi zilizooza.

Haji akapima uso wangu. “Sharp, sawa,” akasema. “Chimbeni.”

Papa Dido ndiye aliyechukua koleo, hakukubali mwingine. Haji akamwagiza afunike kichwa, na kwa kuwa hakuwa na kofia akajifunga kitambaa cha kufutia gundi. Mimi na Mister Zalman tukakaa pembeni kwenye ukingo wa saruji.

“Alifundisha nini hasa, Taa ya Ngazini?” nikamwuliza, ili tu asiliangalie shimo.

“Hatujui,” akasema. “Baba yangu alimsoma kila Sabato, na babu kabla yake. Hakuna aliyemwelewa. Anaanza jambo, analizunguka, analizunguka, halifiki. Baba alikuwa mtu wa akili, Mama Tatu. Alikufa akiona haya kwamba alishindwa na kitabu cha ukoo wake mwenyewe.”

Wakati huo kulikuwa na mazishi mengine upande wa pili, na watu walikuwa wamemaliza, wanatoka. Wakapita kwetu. Wakaona shimo liko wazi, mzee mwenye kofia analia, mtu mmoja tu na koleo. Mnatujua sisi kwa mazishi, hatupiti. Mzee mmoja akaja akampa Mister Zalman mkono.

“Pole sana, baba. Nani amekufa?”

“Babu yangu,” akajibu Mister Zalman, ambaye hakuwa mtu wa kusema uongo.

“Babu! Alikuwa na umri gani?”

“Kama miaka mia mbili.”

Yule mzee akashika ndevu. “Mashallah,” akasema. “Alikuwa anakula nini?”

“Najua tu alikuwa hapendi samaki.”

Huku nyuma wenzake walikuwa tayari wamezunguka shimo, wakakunja mikono ya kanzu, wakaanza kutia udongo kwa viganja, kila mtu fungu lake, kama ilivyo desturi. Papa Dido anatoa, wao wanarudisha. Alivyozidi kuchimba, ndivyo walivyozidi kumsaidia, na shimo likawa linapungua kina mbele ya macho yetu.

“Hapana, ba papa!” Papa Dido akapiga kelele. “Hatumutie! Tunamutoa!”

Hapo kila mtu akaganda, udongo mikononi. Haji akaanza kueleza, akachanganya Kiingereza, Kizulu na aya mbili, na kabla hajafika popote koleo likagusa kitambaa cheupe. Papa Dido akapiga magoti, akanyanyua kifurushi kwa mikono yote miwili, akampelekea Mister Zalman. Mister Zalman akakibusu. Wale waombolezaji wakasogea nyuma pamoja.

“Mbona mdogo hivyo?” mmoja akanong'ona.

“Miaka mia mbili, ndugu yangu,” mwenzake akamjibu. “Ukifika huko na wewe utapungua.”

Tulirudi karakana. Sasa nisikilizeni, maana hili ni la kazi. Kitabu kilicholowa hakianikwi juani, kitapinda mpaka kifanane na mtumbwi. Hakipigwi pasi. Hakifunguliwi kwa kucha. Unapachika karatasi kavu za kunyonya maji kati ya kitita na kitita, yaani yale mafungu ya kurasa yaliyoshonwa pamoja, unaweka uzito mdogo, unawasha feni ya mbali, na unabadilisha karatasi kila zikishiba. Madirisha fungeni, kwa sababu hewa ya Durban yenyewe ni maji. Kile kitambaa kipya cha Papa Dido kilikuwa kimezuia udongo wote, nami nilimwambia hivyo mbele ya Mister Zalman ili wote wawili wasikie.

Kisha nikanawa mikono, nikashika uzi, nikavuta. Ukanivuta. Nilikaa chini, nikacheka, machozi yakanitoka bila kuniomba ruhusa.

Mister Zalman alikuja kila siku kukaa karibu na feni. Papa Dido alipika gundi, akawa anamsomea Zaburi kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi, naye Mister Zalman anamjibu mstari unaofuata kwa Kiebrania. Nilishona vitita upya kwa uzi uliopakwa nta, nikaziba matundu, nikabakiza jalada la nyuma kuwa kazi ya mwisho.

Nilipogeuza lile jalada nikaona karatasi iliyobandikwa ndani yake imejiinua pembeni. Gundi ya unga hulegezwa na maji, na unyevu wa kaburini ulikuwa umefanya kazi ambayo mimi nisingethubutu kuianza. Niliutazama vizuri ule ukingo, nikamtukana fundi fulani aliyekufa zamani. Kwa uvivu wake, badala ya kutafuta karatasi tupu ya kubandikia ubao wa jalada, alikuwa amebandika ukurasa wa mwisho wa kitabu chenyewe, maandishi yameangalia ndani.

Nikaupapasa kwa maji vuguvugu, nikapitisha mfupa wa kukunjia karatasi, chembe kwa chembe, Mister Zalman amenisimamia begani hapumui. Ukaachia. Wino ulikuwa mweusi tii, haujaona jua tangu siku ya kubandikwa. Akainama, kidole kikaanza kutembea kutoka kulia.

Alisoma taratibu. Akarudia. Halafu akaanza kucheka, na kicheko kikageuka katikati ya njia kikawa kitu kingine. Papa Dido akazima jiko.

“Anasema nini, papa?” akauliza.

Mister Zalman akajifuta uso kwa ule mkono usiogusa karatasi. “Anasema, ‘Nimeyaandika haya yote kwa sababu sielewi mbona Mungu anajificha. Nimezunguka na kuzunguka, na bado sielewi. Atakayenisoma mpaka hapa naye asielewe, asione haya, tumekaa chumba kimoja.’”

Nje mtu alikuwa anauza mahindi ya kuchoma, anayaita kwa Kizulu. Mimi ni fundi, na fundi anauliza la kazi, kwa hiyo nikamwuliza kama niurudishe ukurasa ubaoni ulivyokuwa au niuache huru.

“Uache huru,” akasema. “Baba yangu alimwelewa, Mama Tatu. Maisha yake yote alimwelewa sawasawa, na hakuwa na mtu wa kumwambia hivyo.”